Wiki 45 Bila Watoto

Kambi ninayofanyia kazi iko kando ya ziwa, magharibi mwa jimbo la Maine nchini Marekani, na hupokea watoto kwa wiki 7 tu katika mwaka, kuanzia mwishoni mwa Juni hadi katikati ya Agosti. Shule za huku hufungwa kwa takribani wiki 10 katika majira ya joto, na desturi ya kuwapeleka watoto wakalale porini chini ya uangalizi wa walezi ni ya zamani. Mwaka 1881 kijana aliyeitwa Ernest Balch alianzisha Camp Chocorua kwenye kisiwa cha ziwa Squam, katika jimbo jirani la New Hampshire, na kambi hiyo huhesabiwa miongoni mwa za kwanza kabisa za aina yake. Mimi nilifika mara ya kwanza kama mlezi, kwa viza ya J-1, ile ya Marekani ya wageni wa programu za mabadilishano, nikafanya majira mawili ya joto. Baadaye nilihamia huku kwa ndoa, na sasa ni mwaka wa 9 tangu niajiriwe kuwa naibu mkurugenzi, mfanyakazi wa mwaka mzima. Ndugu zangu wa Pangani, pwani ya Tanzania, huniuliza ninafanya nini katika zile wiki 45 ambazo hakuna mtoto hata mmoja kambini. Swali hilo ninalipenda, kwa sababu jibu lake ndilo kazi yenyewe.

Baba yangu alikuwa mvuvi. Kusi lilipovuma kwa nguvu na bahari ikawa haiendeki, chombo kilipandishwa pwani kikapigwa kalafati ili kuziba nyufa, kikapakwa deheni ili maji yasipenye, na nyavu zikatandazwa uani ili macho yaliyokatika yaungwe. Sisi watoto tulidhani hizo ni siku za mapumziko, maana baba alikuwa akionekana nyumbani mchana. Nilikuwa mtu mzima, nimesimama kwenye theluji nikihesabu mitumbwi iliyofunikwa kwa maturubai, nilipotambua kwamba alikuwa akifanya kazi ngumu kuliko ile ya dago, yaani ya kwenda kuvua na kukaa mbali na nyumbani, kwa kuwa ilimlazimu kuifikiria hatari ambayo haikuwa mbele ya macho yake.

Kwetu kazi hiyo huanza siku mabasi yanapoondoka. Kuna mambo mepesi, kama kurudisha kwa posta viatu, mataulo na wanasesere waliosahauliwa, na kuna jambo moja ambalo siku hizi siliruhusu lipite Septemba bila kufanywa, nalo ni kulisoma daftari la muuguzi kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Kila ajali, hata ya kidole kuchubuka, huandikwa humo: saa, mahali, mtoto alikuwa akifanya nini, na mlezi yupi alikuwa karibu. Wakati wa msimu matukio hayo hushughulikiwa moja moja, na hakuna mwenye nafasi ya kuyatazama yote kwa pamoja. Mwaka wangu wa 2 nilichukua ramani ya kambi nikatia nukta nyekundu mahali pa kila tukio, na nukta 9 zikajikusanya katika kipande cha njia kisichozidi hatua 20, pale inaposhuka kutoka bwalo la chakula kwenda ziwani. Zote zilitokea baada ya chakula cha jioni. Nilikwenda kusimama pale jua likiwa limeshuka kama linavyokuwa Julai saa hizo, nikaona kwamba mwanga ulioakisiwa na maji ulimpiga mtu machoni kiasi cha kutoiona mizizi ya msonobari iliyoinuka njiani. Walezi 9 tofauti walikuwa wameandika sentensi inayofanana, kwamba mtoto alikuwa akikimbia. Ni kweli walikuwa wakikimbia. Ni watoto, na ziwa lilikuwa mbele yao. Tulijaza changarawe, tukatengeneza ngazi za mbao na kuweka kamba ya kushikia, na msimu uliofuata njia ile ilikuwa na nukta 1. Ninalikumbuka jambo hili kila ninapomsikia mtu akisema mtoto ameumia kwa utundu wake.

Oktoba ni mwezi wa maji. Baridi ya Maine huingia ardhini futi 4 au zaidi, na mabomba yetu, kama ya kambi nyingi za msimu, yamepita juu juu. Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa takribani asilimia 9, na bomba lililojaa halina pa kuyapisha. Kwa hiyo pampu ya kisima huzimwa, koki zote hufunguliwa, matangi ya maji moto humwagwa, kisha kompresa huunganishwa kwenye bomba kuu na hewa husukumwa hadi kila koki iteme ukungu na hatimaye hewa kavu. Maji yanayobaki kwenye mkunjo ulio chini ya sinki na ndani ya vyoo hayatolewi na hewa, hivyo humiminwa humo kimiminika cha rangi ya waridi kisichoganda. Tuna vijumba 24 vya kulala, mabafu 5 na jiko moja kubwa, na hakuna sehemu inayoweza kurukwa.

Katika mwaka wangu wa kwanza nilipewa orodha na kalamu, nikamfuata fundi nyumba kwa nyumba. Bafu la wasichana wadogo lilikuwa la mwisho, jua lilikuwa likizama, vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi, na niliposikia hewa ikipita niliweka alama bila kuinama kuitazama koki ndogo iliyo nyuma ya ukuta wa bomba la mvua. Mwezi Mei, maji yaliporudishwa, ukuta ule ulianza kutoa jasho, kisha ukatoa maji. Bomba lilikuwa limepasuka urefu wa kiganja, mbao zikalazimika kubanduliwa zote, na zilikuwa zimebaki wiki 5 watoto wafike. Fundi, mzee aliyeyajua mabomba yale kuliko mtu yeyote, hakunikemea. Alinionyesha alama yangu kwenye karatasi akaniuliza nilipoiweka nilikuwa naandika nini, nilichokiona au nilichokitarajia. Tangu hapo utaratibu wetu umebadilika: anayeifungua koki ndiye anayeandika, anaandika saa na si alama tu, na mtu wa pili hurudia mzunguko wote kesho yake asubuhi. Orodha za jaketi okozi, za vizima moto na za dawa za muuguzi tulizibadilisha kwa namna hiyo hiyo, maana nilikwisha kutambua kwamba ugonjwa haukuwa wa bomba peke yake.

Mengine ya majira hayo nitayataja upesi. Gati huvutwa kutoka majini kipande kwa kipande, kwa sababu barafu inaposukumwa na upepo hubomoa chochote kilichosimama ziwani. Magodoro husimamishwa mbali na kuta ili panya wasiyafanye nyumba. Gari la kunyonya majitaka huja kabla ardhi haijaganda. Mtaalamu wa miti hupita akigonga mashina na kutia rangi miti iliyokufa ambayo ingeweza kuangukia kijumba, na miti hiyo hukatwa theluji ikiwa chini, wakati ambapo mashine zinaweza kupita bila kuichana ardhi. Katikati ya majira ya baridi hupanda watu juu ya mapaa na majembe kuondoa theluji nzito.

Wakati huo mimi huwa ofisini, nikitafuta walezi. American Camp Association, chama cha kambi za Marekani kilichoanza mwaka 1910, kinataka kambi ya kulala iwe na mfanyakazi 1 kwa kila watoto 6 wenye umri wa miaka 6 hadi 8, na 1 kwa kila watoto 8 wenye umri wa miaka 9 hadi 14. Hesabu hiyo ni rahisi. Kazi iko katika kumjua huyo 1 ni nani, kwa kuwa usiku wa manane, mtoto wa miaka 7 anapoamka akilia kwa kuwakumbuka wazazi wake, sera zote za kambi humwishia yeye.

Tunachunguza kumbukumbu za uhalifu za kila mwombaji, tunataka wadhamini 3, na wadhamini hao ninawapigia simu mwenyewe hata kama wameandika barua nzuri. Huwa siwaulizi kama kijana ni mwaminifu au mchapakazi, kwa sababu jibu la maswali hayo limekwisha kuandikwa. Ninawauliza ni lini walimwona amechoka kabisa, na alifanya nini. Kufikia wiki ya 5 kila mlezi huwa amechoka, na mtu aliyechoka ndiye atakayekuwa na watoto. Mdhamini mmoja, mwalimu, alinyamaza muda mrefu baada ya swali hilo, kisha akasema angeomba kijana yule asipangwe na watoto wadogo. Barua yake ya kurasa 2 ilikuwa imemsifu mwanzo hadi mwisho. Sidhani kwamba alikusudia kunidanganya. Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kwa miaka mingi tumekuwa na waombaji kutoka Tanzania na Kenya, na kwa kuwa najua vijana wengi wanaotamani nafasi hizi, nitasema kidogo juu yao. Viza ya mlezi wa kambi hutaka mtu awe ametimiza miaka 18, awe na shirika linalomdhamini lililoidhinishwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, na haimruhusu kufanya kazi zaidi ya miezi 4. Mahojiano hufanyika kwa video. Saa moja asubuhi kwetu wakati wa baridi ni saa tisa alasiri Dar es Salaam. Nahoji kwa Kiingereza, kwa sababu ndiyo lugha watakayoitumia na watoto, lakini dakika 10 za mwisho ninahamia Kiswahili, na mara nyingi hapo ndipo ninapokutana na mtu mwenyewe. Msichana mmoja alikuwa ameandika kwenye sehemu ya uzoefu kwamba hana. Nilipomuuliza kwa Kiswahili nyumbani kwao wako wangapi, alinieleza kwamba tangu akiwa na miaka 13 alikuwa akiwaogesha, akiwalisha na kuwalaza wadogo zake 3 kwa sababu mama yao alikuwa akiuza sokoni hadi usiku. Hakujua kwamba huo ni uzoefu, maana kwetu hakuna anayeuandika. Alikuja, akawa mtu ambaye watoto wanaolilia kwao walipelekwa kwake kutoka vijumba vingine, naye aliwatuliza kwa kuwapa kazi ndogo ya kushika wakati yeye akizungumza na wenziwe. Ningemkosa kama ningeishia kwenye fomu.

Kazi ya majira ya baridi iliyonifundisha zaidi, hata hivyo, ni ile ya kuwatafuta watoto wenyewe. Familia zinazoweza kulipa ada huwa zimejiandikisha na kutoa arubuni kabla ya Krismasi. Lakini kambi yetu imetenga nafasi 12 za ufadhili, na bodi iliniomba nizipeleke kwa familia za wahamiaji wa Portland na Lewiston, miji ya humu humu Maine, ambako wanaishi Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali wengi, na ambako unaweza kukisikia Kiswahili dukani na kanisani. Niliifurahia kazi hiyo kuliko zote. Niliandika tangazo kwa Kiswahili fasaha, nikalibandika mahali watu wanapopita, likisema: kambi ya watoto, wiki 2, bila malipo. Mwaka mzima hakuna aliyepiga simu. Nilidhani tatizo ni usafiri, nikaongeza mstari kwamba tutaleta basi. Bado hakuna aliyepiga.

Aliyenifumbua macho ni mama mmoja niliyekutana naye kwenye ukumbi wa kanisa baada ya ibada. Alikuwa na mwanawe wa kiume wa miaka 10, nami nikampa karatasi yangu. Aliisoma, akaikunja, akanirudishia.

“Dada,” aliniambia, “mimi nimekaa kambini miaka 18. Huyu nimemzalia kambini. Mungu amenitoa kambini, na wewe unanipa karatasi ya kumrudisha?”

Alikuwa ametoka Nyarugusu, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mkoani Kigoma mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita. Mimi nilikulia nchi hiyo hiyo, na kwangu neno kambi lilikuwa la timu ya mpira iliyokaa pamoja kabla ya mechi, au la wanafunzi wa kidato cha nne wanaojiandaa na mtihani. Kwake lilikuwa foleni, kadi ya mgao, turubai linalovuja na ruhusa ya kutoka. Nililitumia kwa herufi kubwa juu ya picha ya mtoto anayecheka, na lugha niliyoiona kuwa daraja baina yetu ndiyo iliyokuwa imewafungia mlango. Niliyabandua matangazo yote wiki ile ile.

Siku hizi nazungumzia likizo ya ziwani, lakini kubadili neno kulikuwa hatua ndogo. Kubwa lilikuwa kuacha kutanguliza karatasi mbele ya mtu. Kuanzia Januari ninakwenda Portland kila Jumamosi, mwendo wa saa moja na nusu barabara ikiwa safi, na ninakaa na familia majumbani mwao. Ninakunywa chai na kuulizwa maswali, na maswali hayo hayafanani na yale ninayoulizwa na wazazi wengine. Nani analala naye chumba kimoja, na mlango unafungwa kutoka upande gani? Akikojoa kitandani wenzake watajua? Nyama ya nguruwe itapikwa katika sufuria ipi? Swali gumu lilikuwa la simu. Kanuni yetu ilikuwa kwamba watoto huandika barua tu, na wazazi wengi wa huku huipenda kanuni hiyo. Kwa mtu aliyepoteana na ndugu wakati wa kukimbia, akakaa miaka bila kujua kama wako hai, wiki 2 za kutoisikia sauti ya mtoto haziwezi kuitwa malezi. Nilipeleka suala hilo kwa mkurugenzi, na baada ya mazungumzo marefu kuliko nilivyotarajia tulikubaliana kwamba nitampigia kila mzazi wa familia hizo jioni moja baada ya nyingine, na kwamba mtoto ataongea akitaka. Nilisimama imara katika jambo hilo na ningesimama tena, kwa sababu kanuni inayomfaa mzazi aliyezoea usalama inaweza kumtesa asiyeuzoea.

Yule mama wa ukumbi wa kanisa hakukubali mara moja. Nilimtembelea mara 3, na mara ya 3 alisema hawezi kumpeleka mtoto mahali ambapo yeye mwenyewe hajapaona. Nilimweleza kwamba ilikuwa Machi, kila kitu kilikuwa kimefungwa na theluji ilikuwa ya magotini. Akasema theluji anaijua. Basi nilimchukua yeye na mwanawe, tukaenda.

Alikagua kama mtu aliyewahi kupokea makao yasiyofaa. Alipima kwa mikono umbali kati ya kitanda na kitanda, akaingia chumba cha mlezi na kulala chali ili ajue kama sauti ya mtoto ingemfikia, akamwambia mwanawe aite kwa sauti ya chini kutoka kitanda cha mwisho. Mtoto aliita, mama akajibu. Kisha tukaenda bafuni, bafu lile lile la ukuta uliobanduliwa, akafungua koki. Haikutoa kitu.

“Maji yako wapi?”

Nilimweleza yote: baridi, mabomba, kompresa, na hata kosa langu la mwaka wa kwanza. Alisikiliza akiwa bado ameishika koki. Akasema kwamba Nyarugusu alikuwa akiamka saa tisa usiku kwenda kuweka ndoo kwenye foleni, na kwamba wengi walimwahidi maji. Hakusema kwa hasira.

“Maji yakija,” alisema, “unipigie.”

Mwaka huo barafu ilikatika ziwani mwishoni mwa Aprili. Tulirudisha gati, tukatoa mitego ya panya, tukafungua madirisha hewa ipite, na katika wiki ya kwanza ya Mei fundi aliwasha pampu. Huwa tunaanza kwa kusafisha kisima na mabomba kwa klorini, tunayamwaga maji hadi harufu iishe, kisha sampuli hupelekwa maabara kutafuta bakteria wa jamii ya kolifomu, na hadi majibu yarudi kila sinki huwa na karatasi inayokataza kunywa. Nilitamani kumpigia siku ile ile pampu ilipowashwa. Nilisubiri majibu.

Yalipofika, nilikwenda bafuni nikaiondoa karatasi, nikanywa kikombe kizima, ndipo nikampigia. Alipopokea sikusema mengi. Niliisogeza simu karibu na sinki nikafungua koki yote. Akaniuliza kama hayo yanaweza kunywewa, nikamwambia majibu ya maabara yametoka, ni salama, na nimekwisha kuyanywa mimi mwenyewe. Alikaa kimya. Nikamsikia akimwita mwanawe aje asikilize, na maji yakaendelea kutiririka wakati wao wawili wakinong'onezana kwa upande wa pili. Kisha akaniambia nichukue kalamu niandike jina la mtoto, akalitaja herufi moja moja ili nisikosee.